Shati la Mzee Mabonga

Kijijini Kapseret, watu sita walikuwa na pampu moja. Ni ile pampu ya kubeba mgongoni, ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Ilizunguka boma hadi boma, kila mtu na siku yake. Siku ya Mzee Mabonga ilikuwa Ijumaa.

Pampu hiyo ilivuja. Wote sita walijua. Ilivuja pale mpira unapoungana na tangi, upande wa mgongo. Lakini ambaye angesema inavuja ndiye angeambiwa aipeleke mjini ikatengenezwe. Kwa hiyo kila mmoja aliifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akampa mwenzake na kusema, "Iko sawa kabisa." Watu wazima sita, na hakuna hata mmoja aliyeona haya.

Ijumaa hiyo asubuhi kulikuwa na baridi kali. Nekoye, mke wa mwana wa Mzee Mabonga, alikuwa amemaliza kukamua. Mume wake, Situma, alikuwa ameenda kazini Cheptiret, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtoto wao Nelima alikuwa shuleni. Nyumbani walibaki wawili tu, Nekoye na mzee.

Nekoye alikuwa ameolewa miaka tisa. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kumgusa baba mkwe wake. Hawakusalimiana kwa mkono. Hakuingia chumbani mwake. Chakula chake alikiweka mezani na kuondoka. Hawakuwa na ugomvi wowote. Hiyo ilikuwa heshima ya kwao tangu Bungoma walikotoka, na mzee, ambaye mke wake alikuwa amekufa, aliishika kwa mikono miwili.

"Mama Nelima!" mzee aliita kutoka zizini. "Leta maji ya kuchanganya dawa."

Nekoye alileta maji, akaweka ndoo chini mbali kidogo. Alimwona mzee akimimina dawa mara mbili. Alikoroga kwa mkono mtupu.

"Baba, kwani si ni kifuniko kimoja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kupe wa siku hizi ni wakaidi. Hii ni ya kuwanyoosha."

Alipachika pampu mgongoni. Alikuwa amevaa shati na sweta nzito, kwa sababu ya baridi. Alinyunyizia ng'ombe wanne bila haraka, huku akiwagombeza. Ndege ilipita chini ikielekea uwanja wa ndege, ng'ombe mmoja akaruka, naye mzee akamsukuma kwa bega na kuendelea. Dawa ilishuka kutoka kwenye ule mpira. Ikaloweka sweta, ikaloweka shati, ikafika kwenye ngozi. Mzee alihisi ubaridi mgongoni. Alidhani ni asubuhi tu.

Nusu saa baadaye, Nekoye alimkuta ameketi kwenye gogo nje ya zizi. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nekoye alishtuka. Hakuwahi kumwona mzee akilia, hata siku ya kumzika mkewe.

"Baba, kuna nini?"

"Ni baridi tu," mzee alisema. Mate yalimtoka mdomoni, akayapangusa. Paji la uso lilikuwa na jasho, na hakuna jua.

Nekoye alikimbia ndani. Alileta blanketi zito na kumrushia mabegani bila kumgusa. Akaleta kikombe kikubwa cha maziwa ya moto. Alikuwa amesikia tangu utotoni kwamba maziwa huosha sumu. Kama mzee alikuwa amevuta dawa kidogo, maziwa yangeimaliza.

Mzee alikunywa nusu kikombe. Akatapika yote. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa, akakaa tena kwa kishindo. Nyama ya shavu lake ilikuwa inacheza yenyewe, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi.

Hapo Nekoye aliogopa kabisa. Alichukua simu na kumpigia Wahu, jirani yake. Wahu ndiye mhudumu wa afya wa kijiji chao. Kwa bahati mbaya, siku hiyo Wahu alikuwa Munyaka, kwa dadake aliyekuwa amejifungua.

"Wahu, mzee anaumwa! Anatoa machozi, mate, jasho, anatapika. Nimempa maziwa na yamerudi!"

"Wacha maziwa. Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anapiga ng'ombe dawa."

"Weka simu kwa spika. Sasa niambie, hiyo shati yake imelowa?"

Nekoye aliinua pindo la blanketi. Harufu kali ya dawa ikampiga puani. "Imelowa mgongo mzima. Lakini nimemfunika, apate joto."

"Ondoa hiyo blanketi! Mvue hizo nguo. Zote. Sasa hivi!"

Nekoye alidhani hakusikia vizuri. "Nimvue?"

"Nguo zote zilizolowa, kisha umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Kila dakika hiyo shati iko kwa mwili, sumu inaingia."

"Wahu, huyu ni baba mkwe wangu."

"Najua ni nani."

"Mimi siwezi kumshika! Ngoja nimpigie Situma. Ama Njenga wa maziwa, atapita na pikapu."

"Njenga atafika saa ngapi?"

"Saa nne. Imebaki dakika ishirini."

"Nekoye, nisikize. Hiyo dawa inajaza mapafu maji. Dakika ishirini ni nyingi sana. Mpigie Njenga, lakini kwanza nguo."

Mzee Mabonga alikuwa amesikia kila neno. Aliinua kichwa kwa shida. Macho yake yalikuwa mekundu, na mboni zimekuwa ndogo mno, kama tundu la sindano.

"Usiniguse," alisema. "Mama Nelima, nimekukataza. Heri nife na nguo zangu."

Nekoye alisimama pale, blanketi mkononi. Akimvua, ataishi vipi katika boma hilo? Ndugu za mume wake watasema nini? Mzee akipona na kumfukuza, nani atamtetea? Na asipomvua? Alimtazama mzee. Kifua chake kilikuwa kinatoa sauti ya kukoroma, naye yuko macho.

Sauti hiyo ndiyo iliyomwamulia.

"Baba, nisamehe," alisema. "Utanifukuza ukipona."

"Usivutie shati kichwani, itapita usoni," Wahu alisema kwenye simu. "Kata kwa makasi. Na wewe ujifunike mikono. Uko na glavu?"

"Sina."

"Karatasi za plastiki, zile za mkate, ziko?"

Zilikuwepo mbili, jikoni. Nekoye alizivaa mikononi, akazifunga kwa kamba. Alichukua makasi na leso, kanga yake mwenyewe. Akamlaza mzee kwa ubavu kwenye majani, ili akitapika asipaliwe. Akamfunika leso kiunoni. Kisha akakata. Alianza kwenye kola ya nyuma, akashuka moja kwa moja hadi chini, sweta na shati kwa pamoja. Nguo zikaachana katikati. Mgongo wa mzee ulikuwa mwekundu na unang'aa kwa dawa.

Mzee alijaribu kumsukuma. Mkono wake haukuwa na nguvu hata ya kumfukuza kuku. Alifunga macho. Nekoye naye alikuwa analia kwa sauti, bila aibu, huku anakata suruali chini ya leso.

Alimwagia ndoo ya kwanza. Akapaka sabuni ya kufulia, akamwagia ya pili. "Kwapani," Wahu alisema. "Nyuma ya masikio. Nywele. Chini ya kucha. Usisugue kwa nguvu, ngozi isichubuke." Ndoo ya tatu, ya nne, ya tano. Kati ya ndoo na ndoo alikata simu ya Wahu kidogo, akampigia Njenga, akamwambia aje mbio.

Njenga aliingia na pikapu iliyojaa mitungi ya maziwa. Aliruka chini, akaona Mzee Mabonga amelala majanini na leso ya maua, na mke wa mwanawe amepiga magoti kando yake ana povu hadi viwiko. Njenga aligeuka nyuma kama mtu aliyeingia choo cha wanawake.

"Njenga, usinipe mgongo!" Nekoye alipiga kelele. "Leta maji!"

Njenga alileta maji. Kisha akashusha mitungi yote kando ya barabara, akaiacha hapo. Walimvika mzee koti kavu la Situma, wakamlaza kwa ubavu nyuma ya pikapu, Nekoye akimshikilia kichwa. Wahu alikuwa amesema wabebe chupa ya dawa, ili daktari asome jina lake. Nekoye aliiweka katika ndoo, mbali na mzee. Nguo zilizokatwa aliziacha kwenye gunia lililofungwa mdomo.

Hospitalini waliwapokea mbio. Daktari Adoyo, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alisoma chupa, akatazama mboni za mzee, akasikiliza kifua. "Atropini," aliagiza. Ni dawa ya kupinga sumu hiyo. Alimdunga mara moja. Akamdunga tena. Na tena. Wakamwekea hewa ya oksijeni. Nekoye naye aliambiwa aoge na kubadilisha nguo.

Mchana Situma alifika, anatoka jasho, amebeba chupa ya maziwa.

"Daktari, nimeleta lita mbili," alisema. "Ya kuosha sumu."

"Hiyo kunyweni na chai," Daktari Adoyo alisema. "Maziwa yanaenda wapi ukinywa?"

"Tumboni."

"Na sumu ya babako iko wapi?"

Situma aliwaza. "Tumboni?"

"Hapana. Yeye hakuinywa. Ilipita mgongoni."

"Kwa ngozi?" Situma na Nekoye waliuliza kwa pamoja.

"Kwa ngozi."

Nekoye aliutazama mkono wake mwenyewe kama anauona mara ya kwanza. Siku zote alidhani ngozi ni kama turubai, ya kuzuia tu. "Daktari, ngozi si imefungwa?"

"Mgongo ukikuuma, si unapaka dawa ya kuchua? Halafu unasikia moto hadi ndani. Ngozi inazuia vitu vingi, uchafu, viini, maji. Lakini kuna vitu inaruhusu, na dawa ya kupe ni mojawapo. Na ngozi ikiwa na joto na jasho, inapitisha zaidi."

Nekoye alishika mdomo. "Nilimfunika blanketi."

"Ulimpenda, ukamfunika. Hukujua," daktari alisema, bila kumlaumu. "Sasa sikieni, ili mjue. Chini ya ngozi kuna mishipa midogo ya damu, mingi sana. Sumu ikifika hapo, inaingia kwenye damu. Damu inasukumwa na moyo. Mnajua moyo unachukua muda gani kuzungusha damu yote mwilini?"

"Siku moja?" Situma alisema.

"Dakika moja hivi."

Situma alikaa chini.

"Damu ndiyo inabeba chakula kutoka tumboni na hewa kutoka mapafuni, inapeleka kila mahali. Haichagui mzigo. Ikipewa sumu, itabeba sumu. Basi sumu ikafika kwenye neva. Neva ni kama nyaya nyembamba, zinatoka kwa ubongo na uti wa mgongo kwenda mwili wote. Ubongo unataka mkono uinuke, neva inapeleka ujumbe. Unataka mate wakati wa kula, neva inapeleka ujumbe. Mwishoni mwa neva kuna maji kidogo yanayobeba ujumbe. Ujumbe ukifika, mwili unayafuta maji hayo mara moja. Hii sumu inazuia kufuta."

"Kwa hivyo ujumbe haukomi?" Nekoye aliuliza.

"Haukomi. Ni kama honi ya lori iliyokwama. Macho yanaambiwa toeni machozi, toeni machozi. Mdomo, toa mate. Ngozi, toa jasho. Tumbo, sukuma, ndiyo maana alitapika. Misuli inaambiwa kaza, kaza, hadi inacheza yenyewe, kisha inachoka na kulegea."

"Miguu yake ilikataa kusimama."

"Ehe. Na kuna msuli mpana hapa chini ya mapafu." Daktari aliweka mkono chini ya kifua chake. "Huu ndio unaovuta pumzi. Ukilegea, mtu hapumui. Na mapafu yenyewe yana vifuko vidogo vya hewa. Vikijaa majimaji, mtu anazama akiwa nchi kavu. Hiyo ndiyo sauti uliyosikia."

Nekoye alirudia maneno hayo moyoni. Mtu kuzama akiwa Kapseret, kando ya zizi, juu ya majani!

"Na ningemngoja Njenga?" aliuliza.

Daktari Adoyo hakupamba neno. "Ungemleta maiti. Au angefika na tusiweze kumwokoa. Dawa yangu inapinga sumu iliyo ndani. Lakini kama shati linaongeza nyingine, mimi na shati tunashindana." Akaongeza, "Sasa ini lake linavunja sumu, na figo zinatoa mabaki kwa mkojo. Kazi hiyo ni ya siku kadhaa. Tutakaa naye."

Mzee Mabonga alilazwa siku nane. Alirudi nyumbani amekonda, anatembea polepole. Na hakusema na Nekoye hata neno moja. Nekoye aliweka chakula mezani, mzee akala, akageukia ukuta. Siku ya pili ikawa hivyo. Siku ya tatu Nekoye alikunja nguo zake chache na kuziweka kwenye mfuko chini ya kitanda, akingoja kufukuzwa.

"Hatakufukuza," Situma alisema, lakini hakuwa na uhakika, na Nekoye alisikia hivyo katika sauti yake.

Ijumaa ilipofika, mzee alimwita Situma, akampa maagizo. Kufikia saa tatu, wenye pampu wote walikuwa wamekusanyika zizini: Mzee Kuria, Njenga na wengine watatu. Wahu naye aliitwa. Nekoye alisimama mlangoni mwa jikoni. Alijua kwamba wazee wakiitwa, kuna kesi.

Mzee Mabonga alitoka nyumbani. Watu walimshangaa. Alikuwa amevaa ovaroli iliyofungwa hadi shingoni, gambuti miguuni, glavu ndefu za mpira, miwani ya plastiki na kitambaa cha kuziba pua na mdomo. Alivua miwani na kitambaa ili aseme.

"Hii pampu inavuja," alisema.

Wazee walitazama chini.

"Inavuja tangu mwaka jana. Wote tunajua. Leo inaenda mjini, na hairudi hapa mpaka ipone. Ikishindikana, tununue nyingine. Na kipimo ni kile kilichoandikwa kwa chupa. Mimi nilizidisha, na mimi ndiye nilianguka. Na ukimaliza, unaoga kwa sabuni kabla ya kushika kikombe. Hayo Wahu ametuambia miaka mitatu."

"Minne," Wahu alisema.

"Minne. Sasa iko jambo la pili." Mikono ya mzee ndani ya glavu ilikunjana. "Nilipoanguka, mke wa mwanangu alinivua nguo. Zote. Akaniosha kwa mikono yake."

Njenga, aliyeona kwa macho yake, alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mzee Kuria alikohoa, akashika fimbo yake kutaka kuondoka. Nekoye alitamani ardhi imfiche.

"Kaa, Kuria," Mzee Mabonga alisema. "Mimi ndiye nilivuliwa, na niko hapa nasimama. Nilimkataza. Nilimwambia heri nife. Akaniambia nitamfukuza nikipona. Siku hizi zote nilishindwa kumtazama, kwa aibu. Lakini aibu yangu si yake. Nimekosa njia ya kumwambia asante nikiwa peke yangu, ndiyo nasema mbele yenu." Akageuka kuelekea mlango wa jikoni. "Mama Nelima. Hii nyumba ni yako."

Nekoye alifunika uso kwa kanga yake na kulia. Wahu alienda kusimama karibu naye.

"Sasa nyinyi," mzee aliwaambia wenzake, sauti yake ikirudia ukali wake wa zamani. "Kila mmoja aende kwake awaambie walio nyumbani. Bibi, watoto, wake za watoto. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe: nikianguka na dawa, nivue. Usingoje mtu. Kama hutasema leo ukiwa mzima, siku hiyo ataogopa, na wewe utakufa umevaa vizuri."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kuria aliondoka wa kwanza, bila kuaga, na Nekoye alidhani amekasirika.

Jumatatu asubuhi, Nekoye alisikia hodi. Mlangoni alisimama Wangeci, mke wa mwana wa Mzee Kuria. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Baba amenituma kwako," alisema. "Ametuita wote jana baada ya kanisa, akatuambia hayo maneno. Aliongea akiangalia ukuta." Akainua kichwa. "Amesema unifundishe. Siku hiyo ikifika, mimi nianze na nini? Maji, ama kupiga simu, ama maziwa?"

"Nguo," Nekoye alisema, akamvutia kiti. "Unaanza na nguo."